Re: Re: Re: Somo MOJA limenizuia kumaliza digrii ya kompyuta, naomba msaada kabla ya Ijumaa

Kutoka: Binti Mbagala (Dallas)
Jumatatu usiku

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo.

Nasoma Sayansi ya Kompyuta hapa kaskazini mwa Texas na nilikuwa nimalize Desemba hii. Leo nimeitwa na mshauri mpya (yule wa zamani aliondoka kiangazi). Kanigeuzia skrini nione ukurasa wa masharti ya digrii. Mistari yote ina vema ya kijani, mmoja tu mwekundu: MATH 2414. Kalkulasi II.

Nikamwambia hiyo nilihamishiwa kutoka diploma yangu ya Dar. Kampuni ya tathmini ya vyeti vya nje ilinipa krediti 4, na mshauri aliyemtangulia akanifungulia masomo yote yaliyofuata. Aljebra ya mstari nimepita, Probabiliti nimepita, Algorithimu nina B+. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba kampuni ya tathmini inahesabu krediti tu, haiamui somo gani la kwetu ni sawa na lipi la kwao. Zile 4 zimeingia kama za kuchagua. Kwa hiyo krediti ninazo 126, sharti ni 120, na digrii sina.

I-20 yangu, ile hati ya chuo inayoniruhusu kukaa hapa kama mwanafunzi, inaisha tarehe 20 Desemba. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa wanataka jibu Ijumaa: namaliza au naongeza muda.

Swali langu: ipo fomu ya kuomba somo la nyumbani likubaliwe badala ya hilo. Inasainiwa kwanza na idara ya hesabu au idara ya kompyuta? Kila ofisi inanirusha kwa mwenzake. Na ya kuongeza muda niipeleke sambamba au nisubiri?

Asanteni.

---

Kutoka: Mzee wa Houston

Marahaba binti, na pole. Usilie, hao ndivyo walivyo.

Mimi nilifika 1994, enzi za INS, idara ya uhamiaji ya zamani. SEVIS, ule mfumo wa kompyuta wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, haikuwepo, I-20 ilikuwa karatasi unaikunja unatia mfukoni. Nilibakiza miezi miwili nivae joho, msajili akaniita: GOVT 2306 hujasoma. Nikamwambia bwana, mimi ni mtu wa kompyuta, serikali ya Texas inanihusu nini? Akanionyesha. Ni sheria ya jimbo: chuo cha umma hakikupi shahada ya kwanza mpaka uwe na krediti 6 za serikali, na ndani yake iwemo katiba ya Texas, na krediti 6 za historia ya Marekani. Nikajaribu kumpa Siasa niliyosoma sekondari, Ujamaa na Kujitegemea. Alicheka mpaka akavua miwani.

Nikaisoma basi. Katiba ya 1876, imefanyiwa marekebisho zaidi ya mara 500, na kila badiliko wananchi wanapigia kura. Nikawaza yetu ya 1977. Nimeijua katiba ya Texas kabla sijaifungua ya nchi yangu. Aibu hii nimeibeba mpaka leo.

---

Kutoka: Fundi wa Seattle

Mzee shikamoo, lakini dada kauliza fomu.

Binti, krediti 126 na wanakusumbua? Mimi nilihitaji 180 ndipo wanitoe. Shukuru.

---

Kutoka: Mtu wa Nyeri

Fundi, wacha kutisha watoto wa watu. Huko Washington mlikuwa na mfumo wa kwota (quarter), mwaka unagawanywa kwa robo. 180 za kwota ni sawasawa na 120 za semista, hukusoma zaidi ya mtu yeyote.

Pole dada. Hii stori tunaijua wote. Niliambiwa nirudie Fizikia yenye maabara kwa sababu transkripti ya chuo changu cha nyumbani iliandika "Fizikia" bila neno "maabara". Maabara tulikuwa nayo! Nilichomwa na asidi humo! Alama iko mkononi, nikamwonyesha msajili, akasema mkono si transkripti.

Njia rahisi: fanya mtihani wa CLEP, ule unaokupa krediti bila kukaa darasani. Saa moja na nusu, umemaliza.

---

Kutoka: Fundi wa Seattle

Na wewe usipoteze watoto wa watu. CLEP ya kalkulasi ni ya muhula wa kwanza, yaani MATH 2413. Dada anadaiwa 2414. Kama idara yao ya hesabu inatoa mtihani wake wa kujipatia krediti hapo sawa, aulize. CLEP haimfikishi.

---

Kutoka: Mama Pacha (Minnesota)

Jamani mbona mnamzungusha mtoto. Mwanangu, ingia komuniti koleji yoyote ya hapo Dallas, namba za Texas zinafanana, 2414 ni 2414 kokote. Wana muhula mfupi wa baridi kuanzia katikati ya Desemba mpaka Januari. Mtandaoni, umekaa kitandani na chai yako. Mpwa wangu alifanya historia hivyohivyo akamaliza.

Ila mimi ningekuwa wewe ningehamia unesi. Nesi hakuna anayemuuliza mambo ya kalkulasi, na kazi ipo hata Krismasi.

---

Kutoka: Mtu wa Nyeri

Mama, heshima kwako, lakini mpwa wako ana green card. Huyu ni F-1, viza ya mwanafunzi. Mwanafunzi wa F-1 akibakiwa na somo moja la kumalizia, hilo somo haliwezi kuwa la mtandaoni, lazima aonekane darasani. Na muhula huo wa baridi unaisha Januari, I-20 inakufa tarehe 20 Desemba. Atakuwa anasoma bila hadhi.

Dada, I-765, lile ombi la kibali cha kazi cha OPT baada ya kumaliza, umeshaituma?

---

Kutoka: Baba Gloire (Louisville)

Jambo bandugu bote. Miye nilifika na Diplôme d'État yangu ya kumaliza sekondari kule Kongo, seksyo Math-Physique, ile papier ya kwanza tu, ya mwisho ilibaki Bukavu tulipokimbia. Chuo hapa kilinikubali, masomo yote nilianza ku zero. Kalkulasi nilishafundisha batoto ba sekondari kule nyumbani, hapa nikaketi na vijana ba miaka 18 naandika tena derivée ya x mraba. Haina shida. Nililipiwa na FAFSA, ule msaada wa ada wa serikali. Mdogo wangu, omba FAFSA, chukua somo hilo mu Januari darasani, utalala vizuri.

---

Kutoka: Fundi wa Seattle

Baba Gloire, wewe uliingia kama mkimbizi, unastahili FAFSA. F-1 hastahili hata senti. Somo moja la krediti 4 kwa ada ya mwanafunzi wa nje, ukiongeza kodi ya nyumba ya miezi mitano na bima, si kitu cha kusema "haina shida".

---

Kutoka: Baba Gloire (Louisville)

Sawa. Nilitaka kusaidia tu.

---

Kutoka: Binti Mbagala (Dallas)

Baba Gloire asante sana, nimekuelewa nia yako. Kaka wa Nyeri, I-765 nimeituma wiki iliyopita na ada imeshakatwa. Hapo ndipo usingizi ulipoishia. Nikiongeza muda, tarehe ya kumaliza inasogea, na ombi lile limebeba tarehe ya Desemba.

Nimerudi tena leo. Idara ya kompyuta wamesema anzia idara ya hesabu. Idara ya hesabu wamesema hawagusi mwanafunzi ambaye si wao mpaka idara yake iandike. Nilisimama kwenye korido katikati ya milango miwili na fomu mkononi.

---

Kutoka: Fundi wa Seattle

Sikiliza. Fomu ni karatasi tu, kuna mtu atakayeisoma. Kalkulasi II ya huku nusu yake ni mbinu za integresheni, nusu nyingine ni mifululizo isiyo na kikomo: je, inakaribia namba au inatoroka, halafu Taylor. Mtu wa hesabu atafungua silabasi yako na kutafuta mifululizo. Akiikosa, hata rais wa chuo akisaini hakuna kitu. Silabasi ya diploma unayo? Ina mifululizo?

---

Kutoka: Binti Mbagala (Dallas)

Ninayo picha ya simu, ukurasa wa 2 una duara la chai. Integresheni yote ipo, mpaka ya sehemu kwa sehemu, na differential equations kidogo. Mifululizo haimo. Lakini Taylor na Maclaurin nilisoma Form Six, PCM! Nina B ya Hesabu.

Wanataka silabasi yenye muhuri wa chuo. Baba amekwenda leo, kwao ilikuwa asubuhi. Amekaa benchi tangu saa 2, akaambiwa mwenye muhuri yuko semina Morogoro. Mwalimu aliyenifundisha amestaafu. Baba kanipigia video nione korido ileile, rangi ya bluu nusu ukuta, na yule mama wa mihogo bado yuko chini ya mwembe. Nikaona anavyoimwagia pilipili na chumvi. Nimekula tambi za pakiti leo siku ya tatu.

---

Kutoka: Mzee wa Houston

Peleka na cheti cha NECTA! Form Six ya Tanzania kwa hesabu ni sawa na mwaka wa kwanza wa chuo hapa, na nimemwambia hivyo kila Mmarekani aliyenisikiliza.

---

Kutoka: Mtu wa Nyeri

Wabongo na Form Six yenu. Mzee, chuo hakihamishi krediti kwa sababu umesema. Vingine vinakubali A-level kwa somo moja moja, vingine vinaiona kama sekondari tu. Angalia sera ya chuo chako kwanza.

Na kuhusu kuongeza muda: ombi lazima liingie KABLA I-20 haijaisha, na DSO, yule afisa wa wanafunzi wa kimataifa chuoni, anatakiwa aone sababu ya kitaaluma. Kukosewa na mshauri ni sababu nzuri kuliko nyingi nilizowahi kusikia. Barua pepe ya yule mshauri wa zamani unayo?

---

Kutoka: Binti Mbagala (Dallas)

Ninayo! Aliandika "uko vizuri kwenye hesabu zote" na uso unaocheka.

---

Kutoka: Mama Pacha (Minnesota)

Ichape na huo uso wake.

Hiyo mihogo umeniua mwanangu. Huku tunanunua ya kugandishwa, ukichemsha inakuwa kama mshumaa.

---

Kutoka: Mzee wa Houston

Mnaona lakini tunavyoteseka? Muhuri mmoja, mzee wa watu benchi siku nzima. Kijana wa kompyuta anapigania digrii ughaibuni, na siku akichukua uraia wa huku ili apate kazi yenye maana, kwao anageuka mgeni. Kenya waliweka uraia pacha kwenye katiba yao ya 2010. Sisi Bunge Maalum la Katiba lilikaa 2014, rasimu ya Warioba ikachanwachanwa, na hiyo iliyopendekezwa haikufika hata kwenye kura ya maoni.

---

Kutoka: Fundi wa Seattle

Mzee, umeanza.

---

Kutoka: Mzee wa Houston

Sijaanza, naendelea. Ni miaka thelathini.

---

Kutoka: Mtu wa Nyeri

Na sisi wenye uraia pacha msidhani tunakula asali. Nina pasipoti mbili na bado pale uwanjani naulizwa "umeleta nini?"

---

Kutoka: Msimamizi

Ndugu zangu, katiba, uraia na pasipoti tuna uzi wake, hamieni huko. Hapa tumalize la Binti. Na mkijibu, futeni barua za chini, watu wanasoma kwa simu.

---

Kutoka: Binti Mbagala (Dallas)

Jamani nimesoma yote na nashukuru, kweli. Leo Jumatano. Baba amepata muhuri! Mwenye semina amerudi, kagonga kurasa zote 14, na baba akamwomba agonge na bahasha. Nimetumiwa picha, msajili anasema apate karatasi yenyewe. Nimepanga kupeleka picha kwanza pamoja na ile barua ya uso unaocheka, nimwombe DSO aiongeze I-20 huku nikisubiri.

Sasa fomu. Inaanzia hesabu au kompyuta?

---

Kutoka: Mama Pacha (Minnesota)

Hongera kwa baba! Shemeji yangu anaruka kutoka Dar Jumamosi kuja Dallas, ana kilo 5 zimebaki kwenye sanduku. Baba ampelekee bahasha Kariakoo kesho jioni, namba nakutumia pembeni. Zilizobaki ni dagaa wa Kigoma. Nani anataka?

---

Kutoka: Mtu wa Nyeri

Mimi nusu kilo, atume kwa posta, nalipa.

---

Kutoka: Mzee wa Houston

Kilo moja. Houston na Dallas ni mwendo wa saa nne tu, nakuja kuchukua mwenyewe, na hiyo bahasha nitamfikishia Binti mkononi.

---

Kutoka: Baba Gloire (Louisville)

Na miye kidogo, kama ni ba ziwa Tanganyika. Kuhusu fomu ile, sijui. Yangu nilisaini popote banaponionyesha.