Tupeane uzoefu: Kufunga vitu vizito kwenye bodi ya pikapu bila kuiharibu

Kisongo Juu
Wakuu habari za jioni. Leo nimepishana na Hilux dabo kabini hapa Kisongo, namba E kabisa, yaani bado mpya, imefungwa keria ya chuma juu ya bodi, hema, spea mbili na boksi la zana. Ukingo wa bodi upande wa dereva umeshafunguka, bati limechanika kuanzia kwenye mguu wa keria kushuka chini. Imenikumbusha gari ya kazini kwetu, ilichanika vilevile tukitokea Engaruka, tukafunga kamba mpaka Mto wa Mbu.

Waliowahi kufunga keria, jenereta, simtanki, mashine ya kuchomelea, mlifungaje? Kutoboa au kubana na klampu? Yangu naifunga mwezi ujao, nataka ibaki nzima.

Mzee wa Unga Ltd
Kutoboa siyo dhambi. Dhambi ni kutoboa popote.

Lala chini ya gari kwanza. Utaona vyuma vimekingama chini ya bati la bodi, hivyo ndivyo vinavyokaa kwenye chasisi. Uzito wako lazima uishie kwenye hivyo vyuma. Bati lenyewe ni jembamba, kazi yake ni kuzuia mzigo usidondoke, siyo kushikilia bolti. Kama bolti inaangukia katikati, weka flatibaa (chuma bapa) nene chini yake, ndefu, ishike kutoka chuma kimoja hadi cha pili. Washa ndogo, kile kibati cha duara kinachokaa chini ya nati, inakata bati taratibu kila ukikanyaga shimo.

Na kabla hujashika drili angalia upande wa pili kuna nini. Paipu za breki, paipu ya mafuta na waya zinapita huko huko pembeni ya chasisi. Nimeletewa gari imetobolewa hadi paipu ya breki, mwenye gari kagundua akiwa anashuka Monduli.

Ukishatoboa, futa unga wote wa chuma. Ule unga ukibaki kwenye bodi unashika kutu ndani ya siku chache, na kutu inahamia kwenye rangi. Kisha paka redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu, mdomo wa tundu, iache ikauke, ndiyo uingize bolti.

Meku Kibosho
Nakazia. Flatibaa ya chini ndiyo kila kitu.

Dada Njiro
Mimi gari yangu haitobolewi hata tundu moja. Nimefunga keria kwa klampu za kubana ukingo, nimekwenda nayo Karatu, Mbulu na Natron, ipo. Ukitaka kuuza gari mnunuzi anahesabu matundu.

Mzee wa Unga Ltd
Dada yangu, umebeba nini juu ya hiyo keria?

Dada Njiro
Hema la kulala na magodoro.

Mzee wa Unga Ltd
Basi umepatia. Klampu kwa hema ni sawa, ila zikaze kila ukirudi. Akipanda mtu na spea mbili na madumu ya dizeli juu ya klampu, ule ukingo unafunguka. Ndiyo hiyo gari ya Kisongo.

Mama Shughuli wa Himo
Naomba nieleze yangu, kwa sababu nikisoma neno washa mwili unasisimka.

Nakodisha muziki na jenereta kwa sherehe. Jenereta letu ni la dizeli, zito, wanalibeba vijana wanne na wanalalamika. Fundi mmoja Moshi alilifunga kwenye bodi kwa bolti nne zikapita kwenye bati moja kwa moja. Nilimwuliza mbona chini hamna chuma cha kushikia, akasema mama hilo haling'oki, labda bodi yote ing'oke. Nikamwamini, yeye ndiye fundi.

Dalili zilikuwepo. Dereva alianza kusikia ko, ko, ko kila akivuka tuta. Kwenye vichwa vya bolti kukawa na vumbi la rangi ya kutu, tukiosha linarudi. Tundu zilikuwa zinapanuka na hakuna aliyetuambia hiyo ndiyo maana yake.

Siku ya siku tunapandisha kutoka Himo kwenda Marangu, sendofu inaanza saa kumi na mbili. Dereva kavuka tuta, kakanyaga mafuta apandishe mlima. Nikasikia bati linachanika. Nageuka nyuma, jenereta linaondoka. Bolti zilitoka na washa zake, zimeacha matundu unayopitisha ngumi. Likagonga mlango wa nyuma wa bodi, mlango ukafunguka, likatua kwenye lami na dizeli ikamwagika njia nzima.

Nyuma yetu kulikuwa na bodaboda kambeba mama mwenye mtoto mgongoni. Yule kijana aliinamisha pikipiki akaingia kwenye migomba ya watu. Kwa sekunde kadhaa sikusikia chochote. Halafu mtoto akalia. Sijawahi kushukuru kilio cha mtoto kama siku ile.

Mama alichubuka kiwiko, mtoto mzima, kijana alivimba goti. Sherehe tulikodi jenereta la mtu mwingine. Sasa hivi langu limekaa kwenye fremu ya anglaini (chuma cha pembe, umbo la L), fremu imeshikwa kwenye vyuma vya chini kwa bolti ndefu, na kuna mikanda miwili ya kukaza juu. Kila safari dereva anashika kila nati kwa mkono kabla ya kuwasha gari.

Chalii wa Sakina
Aisee! Mtoto yuko salama mpaka leo?

Mama Shughuli wa Himo
Yupo, anatembea sasa. Mama yake tunasalimiana sokoni Himo.

Majengo Stendi
Na kijana wa boda nani alimlipa? Maana sisi tukiokoa watu hatutajwi.

Mama Shughuli wa Himo
Matibabu na kutengeneza pikipiki nililipa mimi, siku hiyo hiyo. Na nimemtaja.

Majengo Stendi
Sawa mama, ubarikiwe. Nilitaka lijulikane.

Kwa Sadala Boy
Jenereta kubwa linakokotwa kwenye tela. Kulifunga kwenye bodi ni kujitafutia.

Meku Kibosho
Tela uligeuze wapi huku kwetu Kibosho? Njia zenyewe gari mbili hazipishani. Ongea na watu wanaoishi mlimani.

Kwa Sadala Boy
Meku nimezaliwa Machame, usinifundishe mlima.

Chalii wa Sakina
Jamani, turudi kwenye bodi. Mimi nauliza ya simtanki la lita 1,000. Mdogo wangu anapeleka maji maboma ya Longido.

Mzee wa Unga Ltd
Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 1,000 ni tani nzima, hujahesabu tanki, dereva na utingo. Hilux nyingi za dabo kabini tani moja ndiyo mwisho wake, na abiria wamo humo humo kwenye hesabu. Hapo shida siyo tena bolti. Na maji yakiwa nusu ni mabaya zaidi, ukifunga breki yanakimbilia mbele, ukikata kona yanavuta pembeni, na kila mara yanavuta vile vifungo. Tafuta tanki dogo lijazwe, au lenye vizuizi ndani. Likae karibu na kabini, siyo nyuma ya ekseli. Uzito ukining'inia nyuma ya ekseli unainua pua ya gari, usukani unakuwa mwepesi, na chasisi inapinda nyuma ya kabini.

Chalii wa Sakina
Si anaongeza jani la springi?

Mzee wa Unga Ltd
Springi inainua gari. Chasisi, ekseli na breki ni zile zile.

Fundi Raba
Mimi naweka raba ya tyubu kati ya chuma na bodi kila sehemu. Rangi haikwaruzwi, kelele hamna.

Kisongo Juu
Hii nimeipenda.

Dada Njiro
Usiipende haraka. Raba inashika maji chini yake, na inabonyea, bolti inalegea wakati wewe unajua umekaza. Nilikuta kutu chini ya raba pana kama kiganja.

Fundi Raba
Hiyo ni raba laini, umewekewa vibaya. Iwe ngumu na nyembamba, na uikaze tena baada ya safari ya kwanza.

Mzee wa Unga Ltd
Wote mna haki. Jenereta liwekewe raba zake maalumu za kuzuia mtikisiko. Mguu wa keria ukae chuma kwa chuma kilichopakwa rangi.

Natron Njia Panda
Boksi la alumini mliofunga kwa bolti za chuma, mkitoka Natron osheni siku hiyo hiyo, hadi chini. Vumbi la magadi linakula alumini, na pale alumini inapogusana na chuma ndipo panaanza. Tenganisheni kwa washa za plastiki.

Kwa Sadala Boy
Chomelea tu moja kwa moja kwenye chasisi, mambo yaishe.

Mzee wa Unga Ltd
Usimpe mtu ushauri huo. Chasisi ukiichomelea ovyo inapasuka pembeni ya weldi. Na hizi gari mpya zina kompyuta, anayechomelea chochote kwenye gari atoe betri kwanza na ashike waya wa ethi wa mashine ya kuchomelea karibu kabisa na anapochomelea. Kama lazima utoboe chasisi, toboa ubavu wake katikati. Kingo za juu na chini usiziguse.

Kisongo Juu
Asanteni sana. Nimeamua hivi: fremu ya anglaini sakafuni, flatibaa chini, bolti zenye alama 8.8 kichwani na nati za kujifunga. Miguu ya keria itashuka kwenye fremu, siyo kwenye ukingo. Na ili isiyumbe nitaishika kwa mbele kwenye paa la kabini.

Mzee wa Unga Ltd
Hapo kwenye kabini acha. Kabini na bodi vimekaa kwenye chasisi kila kimoja peke yake, kwenye njia mbaya kimoja kinalala huku, kingine kule. Ukiviunganisha kwa chuma, kitu kitapasuka, na mara nyingi ni paa. Weka vyuma vya mshazari ndani ya bodi, keria haitayumba.

Kisongo Juu
Nimekuelewa mzee. Nafuta hicho kipande kwenye mchoro.