Aliingia ICU kwa kiharusi, akafariki kwa vimelea sugu: hutokeaje?

Binti Mkubwa
Ndugu zangu, naomba mwenye ujuzi anieleweshe. Mama yetu alilazwa chumba cha wagonjwa mahututi kwa kiharusi, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Siku ya tisa makohozi yaliyokuwa yakivutwa kwenye bomba yaligeuka rangi na homa ikapanda. Majibu ya kuotesha makohozi hayo maabara yalionyesha kimelea kiitwacho Acinetobacter, na kwenye ile karatasi kila dawa iliandikwa herufi R (yaani kimelea ni sugu kwake) isipokuwa kolistini, ambayo tuliipata duka la sita. Siku nne baadaye alifariki. Tuliambiwa mwili wake ulikuwa umezoea dawa, ilhali mama hakuwa mtu wa kumeza dawa ovyo.

Muuguzi wa Usiku
Pole sana, dada. Kinachokuwa sugu ni kimelea, si mgonjwa, na hata mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge kimoja anaweza kuambukizwa kimelea ambacho tayari hakisikii dawa. Acinetobacter huweza kuishi wiki kadhaa mahali pakavu, kwenye reli za kitanda na vitufe vya mashine, kisha kikasafiri kwa mikono, na nasema kwa uchungu kwamba mara nyingi ni mikono yetu sisi wahudumu, hasa usiku ambao muuguzi mmoja ana vitanda vitatu na chupa ya kitakasa mikono imekwisha. Bomba la kupumulia humnyima mgonjwa uwezo wa kukohoa, na huvifungulia vimelea njia hadi mapafuni. Mpira wa mkojo na mrija wa mshipa mkubwa ni milango mingine. Kuinua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45 na kusafisha kinywa ni kazi ndogo, lakini zinapoachwa mgonjwa ndiye anayeumia.

Mfamasia
Naongezea upande wa dawa. Mgonjwa huanzishiwa antibiotiki iitwayo seftriaksoni kabla ya damu kuoteshwa, ikishindwa hupewa meropenemu iliyo kali zaidi, na kila hatua huua vimelea dhaifu na kuviachia nafasi vilivyo sugu. Kolistini yenyewe ni dawa ya zamani iliyowekwa kando kwa sababu huumiza figo. Tumeirudia kwa kukosa nyingine. Tatizo hili si geni kwetu: utafiti wa watoto waliolazwa Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba asilimia 43.5 ya waliokuwa na bakteria wa Gramu hasi (kundi ambalo Acinetobacter imo) katika damu walifariki, wakati kwa malaria ilikuwa asilimia 20.2. Duniani kote, usugu wa bakteria kwa dawa ulikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 mwaka 2019.

Binti Mkubwa
Asanteni sana. Kitanda cha jirani na mama yupo kijana wa ajali ya bodaboda, na mama yake hunipigia simu kila jioni. Nimwambie aulize nini?

Muuguzi wa Usiku
Aulize kwa heshima kama sampuli imeoteshwa kabla ya kubadilisha dawa, na kila asubuhi aulize kama lile bomba bado linahitajika. Naye anawe mikono kabla ya kumshika mwanawe, na tena akitoka.