Kioo, kitufe kinachotetema au pete yenye "tik": kipi kinasaidia kurekebisha fokasi na mwanga bila kutazama?

PichaTanga
Wakuu, habari za jioni. Napiga picha za harusi kwa kamera ya Fujifilm X-T3, na video fupi kwa iPhone 16. Jumamosi bibi harusi alitoka ukumbini gizani akaingia juani. Nikainamia kioo cha simu kupunguza mwanga; nainua macho, mama yake ameshamkumbatia na kumwachia. Picha ile sikuipata, na inaniuma. Nataka kidole kiniambie nimefika wapi. Ninyi mnatumia nini?

Mzee wa Studio
Kijana, jibu unalo mkononi. Hiyo X-T3 ina gurudumu la kufidia mwanga pale juu, chini ya dole gumba. Kila tik, yaani kila mkwaruzo mdogo unaousikia kwa kidole ukizungusha, ni theluthi ya stopu (kipimo cha mwanga), kwa hiyo tik tatu zinaongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu. Shela nyeupe ikijaa kwenye fremu, kamera hudanganyika na kuitoa ya kijivu: panda tik tatu. Akina mama wa mabuibui meusi wakijaa, shuka tik mbili au tatu. Hesabu kwa kidole, jicho libaki kwa bibi harusi. Ila kila ukimaliza rudisha kwenye sifuri, la sivyo hesabu inayofuata itakupoteza.

Nuru_Mombasa
Naafikiana na Mzee kwa picha. Kwa simu, acha kugusa kioo, hasa vidole vikiwa na jasho. iPhone 16 ina kitufe cha kamera pembeni: bonyeza kidogo tu bila kuzamisha, kinatetema, kisha telezesha kidole. Tangu iOS 18.2 (toleo la programu ya iPhone) unaweza kuwasha kwenye mipangilio ufungaji wa fokasi na mwanga, yaani visibadilike, kwa kushikilia mbonyezo huo mwepesi. Udhaifu wake kwangu ni kwamba mtetemo unaniambia simu imenisikia, hauniambii nimefika namba ngapi.

KameraMan254
Kwa video, tik zina kasoro: zinasikika kwenye maiki na mwanga unaruka hatua kwa hatua. Lenzi za Sony GM zenye pete ya apacha (tundu la kupitisha mwanga) zina swichi ya kuzima tik. Mimi huziwasha kwa picha, huzizima kwa video.

Asha_K
Mimi naona kwa shida sana, na kwangu jambo hili linaanzia mbali kuliko stopu. Google walileta Guided Frame kwenye simu yao ya Pixel 7 mwaka 2022: simu inasema nisogeze wapi, inalia na kutetema, na uso ukikaa vizuri inapiga yenyewe. Mwanzo ilikuwa kwa kamera ya mbele. Kwenye Pixel 8 ikafika na ya nyuma. Siku nilipompiga mwanangu picha bila kumwomba mtu msaada, nililia. Tafadhali mtetemo msiudharau.

Nuru_Mombasa
Asha, ahsante dada. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa.

PichaTanga
Shukrani Mzee, shukrani wote. Leo nimekaa barazani nimefumba macho, nazungusha gurudumu na kutaja namba kwa sauti. Kumi za mwanzo nilikosea nne, kumi za pili moja. Simu nayo nimewasha ule ufungaji. Ijumaa nina nikah, nitaleta picha za shela.