Kwa nini Aristotle hakuwa raia wa Athene?

Mwalimu, Kondoa:
Ndugu zangu, wanafunzi wangu wa kidato cha tano wameniuliza jambo lililonikwamisha: iliwezekanaje Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyefundisha Athene kwa miaka mingi, asihesabiwe kuwa raia wa mji huo?

Mkazi wa Kikuyu, Dodoma:
Shikamoo, Mwalimu. Aristotle alizaliwa Stagira, mji mwingine kaskazini mwa Ugiriki, na sheria ya uraia aliyoipendekeza Pericles, kiongozi wa Athene, mwaka 451 KK ilidai baba na mama wote wawili wawe Waathene. Mgeni mkazi, aliyeitwa metoikos, alilipa kodi ya drakma (sarafu ya fedha) 12 kwa mwaka (mwanamke aliyejitegemea alilipa 6), alihitaji raia wa kumdhamini na aliweza kuitwa vitani, lakini hakupiga kura wala kumiliki ardhi bila kibali maalumu.

Msomaji, Mpwapwa:
Sheria hiyo, tena, ilimrudia Pericles mwenyewe. Wanawe wawili wa ndoa walipofariki wakati wa tauni, alilazimika kuwaomba Waathene wampe uraia mwanawe aliyemzaa na Aspasia, mwanamke mgeni kutoka mji wa Miletus, nao wakakubali.

Mwalimu, Kondoa:
Marahaba, na ahsanteni. Basi hata kiwanja cha shule yake hakikuwa chake?

Mkazi wa Kikuyu, Dodoma:
Hakikuwa chake; Lyceum, alipofundishia, palikuwa mahali pa umma.