Tupeane uzoefu: taka za jikoni na mkaa, unapunguzaje nyumbani?

Mwanzisha mada

Wadau, habari za saa hizi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017 na Tanzania tangu 1 Juni 2019. Kikapu kimerudi sokoni, jambo jema sana, lakini ndoo ya taka bado ni nzito vilevile, kwa sababu mifuko haina uzito. Kilichojaa humo ni maganda ya ndizi, viazi, machicha na ukoko wa wali. Anayejua jambo moja vizuri alete hilo moja pamoja na vipimo vyake. Semeni na yanayoharibika, maana hapo ndipo watu wanapokata tamaa.

Bustani ya Ndoo

Naanza na mboji ya ndoo. Hata aliyepanga chumba kimoja chenye kibaraza anaiweza.

Tafuta ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko. Kwa msumari uliopashwa moto, toboa matundu kama 15 kwenye kitako na mistari mitatu ya matundu kuzunguka ubavu, kila tundu unene wa penseli. Iweke ndoo moja juu ya vipande viwili vya tofali, chini yake beseni la kukinga maji yatakayochuruzika. Ndani tandika majani makavu au maranda ya fundi seremala, kina cha kiganja kizima.

Kanuni ni hii: kopo moja la maganda, makopo mawili ya vikavu. Vikavu ni majani makavu yaliyofikichwa, maranda, au boksi la kawaida lililochanwachanwa (lile linalong'aa kwa nailoni usilitie, wala maranda ya mbao zilizopakwa dawa). Maganda yamejaa maji na naitrojeni. Vikavu vinaleta kaboni, na zaidi ya hapo vinaacha njia za hewa. Hewa ikikosekana, taka zinaoza badala ya kuiva, na harufu inafika kwa jirani. Ndoo nyingi zinakufa kwa sababu hiyo tu: maganda yanapatikana kila siku, majani makavu hayapatikani kila siku. Kwa hiyo jaza gunia la vikavu kwanza, liweke kando ya ndoo, ndipo uanze. Gunia likikaribia kwisha, katafute mengine kabla hujatia ganda jingine.

Kila wiki mimina yote kutoka ndoo hii kwenda ile ya pili. Huko ndiko kugeuza, na ndiyo sababu ya kuwa na ndoo mbili. Ukishamimina, chota konzi moja uikamue kwa nguvu. Ikishikamana na kutoa tone moja au mawili kati ya vidole, iko sawa. Maji yakitiririka, ongeza vikavu. Ikimomonyoka kama mchanga wa ufukweni, nyunyizia maji.

Ndoo ikijaa, acha kutia kitu, endelea kugeuza tu. Baada ya miezi miwili hadi mitatu itakuwa nyeusi, ina harufu ya udongo ulionyeshewa, na ganda la ndizi hulitambui tena. Chekecha, kisha changanya sehemu moja ya mboji na sehemu tatu za udongo kwa mchicha au sukuma wiki ya kwenye gunia. Usipande kwenye mboji tupu, hasa ambayo haijaiva. Miche inaungua.

Dada wa Kibarazani

Ahsante mkuu, umeeleza vizuri. Na funza je? Halafu kuna harufu mbili tofauti, moja ya yai viza na nyingine kama mkojo. Dawa yake ni moja?

Bustani ya Ndoo

Dada, hizo ni mbili kweli. Yai viza maana yake hewa haipiti: geuza siku hiyohiyo, tia maranda, angalia kama matundu ya chini yameziba. Harufu ya mkojo ni naitrojeni inayopotea hewani. Maganda yamezidi vikavu, au mtu amemwaga majivu humo. Majivu konzi moja kwa ndoo nzima yanatosha, wala si lazima.

Funza wanatokana na maganda yaliyoachwa wazi juu. Kila unapotia, fukua katikati, zika, kisha funika kwa vikavu unene wa vidole vitatu. Nyama, samaki na mabaki yenye mafuta yasiingie kabisa, yanaita panya. Ukiona siafu au sisimizi wamehamia, ndoo imekauka. Na msishangae nyanya na maboga yakiota kwenye mboji: ndoo ni ndogo mno, haipati joto la kuua mbegu. Kwa joto hilo unahitaji lundo la kama mita moja kila upande.

Mnazi wa Pwani

Kwa sisi wa huku nazi ni kila siku, basi tuzitenganishe. Machicha yaende kwa kuku, au ndani ya mboji kidogokidogo yakiwa yamechanganywa na majani makavu. Yakiachwa bonge yanachacha. Kifuu usikitie kwenye mboji, hakiozi leo wala kesho, kiwe kuni. Makumbi yachambue, yatandike juu ya udongo wa gunia la mboga, yanazuia jua kunywa maji yote.

Makumbi hayohayo ndiyo ya kuwashia mkaa. Tafadhali tuache kuwashia mkaa kwa vipande vya nailoni. Moshi ule ni sumu, na anayeuvuta wa kwanza ni mtoto aliyesimama karibu na jiko.

Fundi Kapu

Upande wa moto nitasemea jiko kapu. Kapu lenyewe halina moto, linatunza joto ambalo chakula kimeshapata.

Chukua kapu la ukindu pana kuliko sufuria kwa sentimita 10 kila upande. Shona mto mnene wa kutanda chini na ubavuni, na mwingine wa kufunika juu. Ujaze sufi, pamba ya godoro kuukuu au vitambaa vikavu, usiushindilie, kwani hewa iliyonaswa ndani ndiyo inayozuia joto lisitoke. Shimo la katikati liibane sufuria. Ikicheza, joto linatoroka.

Maharage: loweka usiku kucha, mwaga maji, tia mapya, chemsha dakika 20 hadi 30 yakiwa yanatokota sawasawa, funika, ingiza kwenye kapu bila kufunua. Acha saa nne au tano. Wali: ukishachemka dakika tano, ingiza, acha kama saa moja. Maji punguza kiasi, maana hakuna mvuke unaopotea. Wali wa kwenye kapu ukiwa bokoboko, kosa ni maji. Sufuria ijae walau theluthi mbili. Chakula kidogo kwenye sufuria kubwa kinapoa kabla ya kuiva.

Mama Mpishi

Naongezea kwa msisitizo: maharage mekundu yana sumu ya asili, na joto dogo haliiondoi. Huo mchemko wa mwanzo usikatwe hata mtu akiwa na haraka. Na chochote kilichokaa kwenye kapu kwa saa nyingi, hasa chenye nyama, kirudishwe motoni kichemke ndipo kipakuliwe.

Mkaa uliobaki baada ya kupika msiumwagie maji. Uhamishieni kwa koleo kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana. Hewa ikiisha unazimika, na kesho unawaka. Kopo liachwe nje, kwani mkaa unaofuka ndani ya chumba unaua bila harufu.

Jirani Mwema

Nyumba tano au sita zikitaka kufanya pamoja, jengeni vizimba vitatu vya mabanzi, mita moja kwa moja kwa moja, vyenye nafasi za hewa kati ya banzi na banzi. Cha kwanza kinapokea, cha pili kinapata joto, cha tatu kinaivia. Tatizo litakalokuja si mboji, ni vipande vya plastiki na betri ndani yake. Basi pokeeni ndoo za maganda siku mbili tu za wiki, kwa saa maalumu, na mtu mmoja wa zamu amimine kila ndoo juu ya turubai kwanza. Kinachong'aa kitolewe hapohapo, mwenye ndoo akiwa bado amesimama.