Mjadala: Je, lango la maji la Denver liliuponza mto Great Ouse?

Mleta mada:

Naleta kesi ya zamani ambayo haijapata hukumu inayowaridhisha wote. Mashariki mwa Uingereza kuna nchi tambarare iitwayo Fens, ambayo hadi karne ya 17 sehemu yake kubwa ilikuwa vinamasi, na wenyeji wake waliishi kwa kuvua mikunga, kukata matete na kulisha mifugo maji yanapopungua. Mwaka 1630 kabaila mwenye cheo cha Earl wa Bedford alikubali kuikausha kwa ujira wa ekari 95,000, na kazi ikamwangukia mhandisi wa Kiholanzi, Cornelius Vermuyden. Huyu hakutaka kubembelezana na mto Great Ouse unaopindapinda: alichimba mfereji ulionyooka wa maili 21, na mwaka 1651 ukakamilika wa pili kando yake, wenye upana wa futi 100. Wakati huohuo pakajengwa Denver lango la kuzuia maji ya bahari yasipande mto wa zamani.

Ugomvi wote umekaa hapo langoni. Mji wa Cambridge ulipata makaa ya mawe kutoka bandari ya King's Lynn, karibu na mdomo wa mto huo, kwa tishali, na tishali zilitegemea maji kujaa ili zipande. Mimi nasema lango lilikuwa kosa la kihandisi, wala si dhuluma kwa wenye vyombo peke yao. Maji ya bahari yanapojaa huja na tope, na yanapokupwa hulifagia na kulirudisha, mradi yawe mengi na yatoke mbali. Ukiyawekea lango, yanafika, yanasimama, na yakishasimama yanatua mzigo wao palepale. Kina kikipungua chini ya lango, tishali hazipiti, na maji ya mashambani nayo hayana pa kutokea, kwa hiyo waliotaka kukausha walijizibia mlango wao wenyewe. Mpima ardhi Thomas Badeslade aliitetea bandari kwa hoja za namna hiyo mwaka 1725, na nadhani alikuwa sahihi.

Mchangiaji wa pili:

Ndugu mleta mada, shahidi uliyemwita anakugeukia. Lango la Denver lilivunjwa na nguvu ya maji mwaka 1713. Badeslade aliandika miaka 12 baadaye, na bado alikuwa akilalamikia hali ya mto. Kama lango ndilo lililoleta tope, mbona mto haukujisafisha lilipoondoka? Mnamo 1750 Charles Labelye, Mswisi yuleyule aliyejenga daraja la Westminster, alikuwa amekwisha kulijenga upya, na hakufanya hivyo kwa ukaidi: bila lango, maji ya bahari yalipanda kwa kasi kupitia mfereji mpya, kisha yakageuka na kuingia katika mto wa zamani, yakiyazuia maji ya mvua kushuka.

Naongeza kwamba watu humlaumu Vermuyden kana kwamba alikuwa mchimba mitaro tu. Mpinzani wake Westerdyke, naye Mholanzi, alishauri mito iliyopo ijengewe matuta imara, basi. Vermuyden aliacha ukanda wa ardhi kati ya mifereji yake miwili ili mafuriko yapate pa kulala mpaka bahari ipwe. Ukanda huo unafanya kazi hiyo hadi leo, na majira ya baridi hujaa bata maji kutoka kaskazini.

Mleta mada:

Nakubali juu ya ukanda, sikubali juu ya Badeslade. Lango lilipovunjika, mfereji wa futi 100 ulibaki palepale, ukiendelea kuyachukua maji ambayo zamani yaliusafisha mto. Mgonjwa hawezi kupona kwa kuondolewa nusu ya maradhi. Hata hivyo hoja yako imenilazimisha kusogeza lawama kuelekea baharini. Juu kidogo ya King's Lynn mto ulizunguka kwa kona kubwa yenye mafungu ya mchanga, na pale ndipo wakulima na wenye vyombo walipoumia pamoja. Sheria ya kukata kona hiyo kwa mfereji wa Eau Brink ilipita mwaka 1795, lakini wahandisi John Rennie na Robert Mylne hawakuafikiana juu ya upana wake, na mfereji haukufunguliwa mpaka 1821. Miaka 26, kwa kazi ya kilomita nne hivi! Ulipofunguliwa, maji kupwa yalishuka chini kuliko awali, na mashamba yakatoa maji yake kwa wepesi. Hata hivyo ulionekana mwembamba, ukapanuliwa.

Mchangiaji wa tatu:

Wenzangu mnabishana juu ya tope huku ardhi yenyewe inashuka. Udongo mweusi wa Fens ni mimea ya kale isiyooza kwa sababu ya maji. Ukiukausha, unasinyaa na kuliwa na hewa. Pale Holme, humohumo Fens, ilisimikwa nguzo ya chuma mwaka 1851, ncha yake ikiwa sawa na uso wa ardhi, na leo aliyesimama chini yake huitazama ikiwa takribani mita nne juu ya unyayo wake. Mifereji ikabaki imening'inia juu ya mashamba, na maji yakahitaji kupandishwa, kwanza kwa vinu vya upepo, kisha kwa pampu za mvuke. Katika ugomvi wenu wa lango, bandari ingeshinda au ingeshindwa, pampu zingehitajika vilevile.