Mjadala: Ndama wa baisoni akizidiwa na mto aokolewe au aachwe?

Wadau habari zenu. Naomba tulijadili hili kwa utulivu maana kila likiibuka watu wanaishia kutukanana.

Kisa chenyewe kwa wasiokijua: Mei 20, 2023 kundi la baisoni, wale nyati wa Marekani wenye manyoya mengi, lilikuwa linavuka mto Lamar ndani ya hifadhi ya Yellowstone huko Marekani, ndama mmoja mchanga akatengana na mama yake. Mtalii mmoja akamwendea, akamsukuma kutoka mtoni mpaka akafika barabarani. Kundi likamkataa. Maaskari wa hifadhi wakajaribu mara kadhaa kumrudisha ikashindikana, ndama akawa anafuata magari na watu, mwisho wakamuua. Mtalii akakiri kosa mahakamani, faini dola 500 na nyingine 500 za mfuko wa kulinda wanyama.

Wapo wanaosema jamaa kaonewa, angefanyaje, aangalie tu mtoto anakufa? Mimi nasema ndio, angeangalia tu, tena kwa mbali, sheria ya pale ni mita 23 kutoka kwa baisoni. Ndama wengi wanazaliwa Aprili na Mei na huo ndo wakati theluji ya milimani inayeyuka, mito inajaa, maji ya baridi na mkondo mkali, kwahiyo ndama kusombwa ni jambo la kila msimu. Wengine mto unawatupa ukingoni huko chini wanatoka wenyewe, mama anarudi anawatafuta kwa mlio na harufu, sasa akikuta binadamu kasimama hapo atasogea vipi? Hifadhi yenyewe ilisema mpaka robo ya ndama wa msimu ule wangeweza kufa, na mizoga inaachwa palepale iliwe na dubu na mbwa mwitu. Sisi huku hili tunalijua, mto Mara watafiti wamekadiria zaidi ya nyumbu 6,000 wanazama kwa mwaka wa kawaida na kuna samaki, mamba na tumbusi wanaishi kwa mizoga hiyo.

Najua mtaniletea habari ya 1984, hifadhi hiyohiyo ilipomtoa dubu na watoto wake watatu kisiwani kwenye ziwa baada ya barafu kuyeyuka, wakati mwaka mmoja nyuma baisoni alizama kwenye barafu ya mto Yellowstone na wakuu wakaagiza aachwe, akafa. Ni kweli, lakini dubu wale walikuwa kwenye hatari ya kutoweka na sisi binadamu ndo tuliowafikisha hapo. Kwangu kipimo ndo hicho, kama shida kaileta mtu basi mtu airekebishe, kama ni mto, uachwe ufanye kazi yake.

Sasa hili ndo linaloniuma kweli. Watu waliuliza kwanini yule ndama asipelekwe sehemu ya kulelea wanyama. Jibu ni kwamba sheria zinabana sana kumtoa baisoni Yellowstone akiwa hai, wanaogopa brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba unaoweza kuambukiza ng'ombe, na karantini ni miezi mingi, haimfai ndama asiye na mama. Woga huohuo ndo unafanya baisoni wakitoka hifadhini kutafuta majani kipindi cha baridi jimbo la Montana halitaki wavuke mipaka liliyowawekea. Baridi ya 2022 kuingia 2023, miezi michache tu kabla ya yule ndama, zaidi ya 1,000 waliuawa na wawindaji nje ya hifadhi. Wengi wa wawindaji ni makabila ya asili yenye haki ya kuwinda kwa mkataba na serikali ya Marekani, hao siwalaumu hata kidogo, lakini mbona dunia haikulia? Mwaka 1902 ndani ya Yellowstone baisoni walibaki kama dazeni mbili tu, na kilichowamaliza ni bunduki, mito walikuwa wanaivuka tangu zamani.

Kwahiyo nyie mnaomtetea yule mtalii naomba mnijibu hapa. Elki, wale kulungu wakubwa, nao wana brusela, na maambukizi ya ng'ombe yaliyofuatiliwa eneo lile yameonekana kutoka kwao, ila wanatembea popote wanapotaka. Kwanini baisoni ndo afungiwe, na kwanini huruma yenu iishie kwa ndama mmoja mtoni?